Garanti ya Mbwa Inaishia Mkata

Mtu wa Kilosa au Mikumi akitaja tu kwamba anatafuta mbwa wa kizungu, ushauri anaopewa ni uleule: nenda kwa mzalishaji anayetoa garanti ya afya. Hutoka kwa jamaa aliyeko Dar es Salaam, kwa jirani aliyewahi kufiwa na mbwa, na kwa wauzaji wenyewe, ambao wanajua kwamba neno garanti huuza. Hoja yenyewe inaingia akilini upesi. Pikipiki ina garanti, simu ina garanti, paneli ya sola ina garanti. Kwa nini mtoto wa mbwa anayeuzwa kwa laki kadhaa asiwe nayo?

Kwa sababu pikipiki haiambukizwi ugonjwa ikiwa stendi, wala haizaliwi na minyoo ya mama yake. Garanti ya chombo hushika kasoro iliyotoka nayo kiwandani, na fundi anaweza kuionesha kwa kidole. Afya ya mtoto wa mbwa wa wiki nane hujengwa na kubomolewa kila siku na maziwa aliyonyonya, chanjo aliyopata, udongo anaoukanyaga na wadudu wanaomuuma. Mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu ya Mikumi, au mkulima wa Kimamba anayetaka mlinzi wa stoo ya mahindi, anaponunua mbwa kwa kutegemea karatasi ya garanti, ananunua ahadi isiyogusa mambo yatakayomuua mbwa huyo. Kibaya zaidi, karatasi inamtuliza, naye haulizi maswali ambayo yangemwokoa.

Tuanze na saa. Mtindo uliozoeleka wa garanti hizi, ulioigwa kutoka Marekani na Ulaya, humpa mnunuzi saa 48 au 72 za kumfikisha mbwa kwa daktari wa mifugo. Muda huo ukipita bila ugonjwa kuonekana, muuzaji amenawa mikono. Sasa uweke kando ya ugonjwa unaoogopwa kuliko yote kwa watoto wa mbwa, yaani parvo. Virusi vyake vilienea duniani tangu mwaka 1978, na kwa kawaida mbwa huanza kuugua kati ya siku 3 na 7 baada ya kuambukizwa, mara nyingine hadi siku 14. Mtoto wa mbwa aliyeambukizwa bandani kwa mzalishaji usiku wa kuamkia safari atafika Mikumi akicheza, atakula vizuri siku ya kwanza na ya pili, kisha siku ya tano ataanza kutapika na kuharisha damu. Garanti imeshakufa kabla ya mbwa.

Saa hiyohiyo inaweza pia kumwonea muuzaji mwaminifu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takriban kilomita 300. Mbwa akiwekwa kwenye boksi, akashushwa kunyoosha miguu mahali ambapo mbwa wengine wamepita, anaweza kuokota virusi njiani. Akianza kuugua siku ya tatu, mnunuzi ataapa kwamba aliuziwa mgonjwa, muuzaji ataapa kwamba alitoa mzima, na hakuna daktari atakayewaamua kwa uhakika kwa kuangalia kalenda. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, ina utata mkubwa zaidi: dalili huchelewa wiki moja hadi nne, na degedege zake zinaweza kuja wiki kadhaa baada ya mafua na makamasi kuisha. Kwa kichaa cha mbwa ni wiki hadi miezi, si siku.

Wapo watakaosema garanti nzuri hazihusu maambukizi bali kasoro za kurithi, hasa nyonga, na kwamba hizo hupewa mwaka au miaka miwili. Ni kweli, Jamani shepherd na rotwaila wanasumbuliwa na nyonga zisizokaa sawa. Lakini taasisi ya Marekani inayotambulika zaidi katika upimaji huo, Orthopedic Foundation for Animals, iliyoanzishwa mwaka 1966, haitoi hukumu ya mwisho ya nyonga kabla mbwa hajafikisha miezi 24, tena kwa picha ya eksirei. Nani Kilosa atampeleka mbwa wake eksirei akiwa na miaka miwili ili adai fidia? Na kabla ya kufika huko, je, mbwa huyo ataishi miaka miwili?

Hapo ndipo mahali penyewe panapoingia katika hesabu, nako ndiko watetezi wa garanti wasikotaka kutazama. Henry Morton Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alivuka tambarare ya Mkata wakati wa masika, akapanda na bonde la Mkondoa, mto uleule unaopita Kilosa. Alikuwa na mbwa mlinzi aitwaye Omar, aliyesafiri naye tangu India. Omar alikufa kabla msafara haujaingia Ugogo, mahali ambapo ulinzi wake ungehitajika zaidi; punda wake wengi nao waliangamia njiani. Wajerumani walipoitawala nchi, mwaka 1905 walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa, ng'ambo ya milima kutoka Kilosa. Maradhi ya wanyama ya ukanda huu si habari mpya, wala hayakusubiri mbwa wa kizungu wa leo.

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, ina mbung'o. Yeyote aliyewahi kuingia humo dirisha la gari likiwa wazi anawajua. Mbung'o hubeba vimelea vya nagana, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa vibaya navyo, hasa mbwa wa mbegu za nje ambao damu yao haijawahi kukutana navyo. Mbwa hupata homa inayokuja na kuondoka, ufizi hupauka kwa upungufu wa damu, uso au miguu huvimba, na macho hufunikwa na ukungu wa rangi ya maziwa yenye ubuluu. Wengi huona macho hayo wakadhani mbwa amemwagiwa kitu au amepigwa, wakamtia dawa ya macho mpaka siku anapoanguka. Tiba ipo, ile sindano ya diminazini ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua vizuri, lakini lazima ianze mapema na kwa kipimo anachokiweka daktari, kwa sababu vimelea vikishafika kwenye ubongo dawa hiyo haivifikii ipasavyo, na ugonjwa hurudi.

Ongeza kupe. Yule kupe wa kahawia wa mbwa hupenda nyufa za kuta na vibanda, na hueneza magonjwa ya damu, babesia na erlikia, ambayo huanza kwa mbwa kukosa hamu ya kula na kuishia kwa kutoka damu puani. Ongeza maji ya mafuriko. Kilosa haijasahau Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulipovunja kingo zake, ukakata reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Maji yaliyotuama yenye mikojo ya panya ni njia ya leptospira, vimelea vilevile vya homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Mbwa huugua ugonjwa huo, na mkojo wake huweza kuwaambukiza watu wa nyumbani.

Sasa mzalishaji wa Dar es Salaam atatoaje garanti dhidi ya mbung'o wa Mikumi? Hawezi, na haki haimdai afanye hivyo. Kwa mantiki ya garanti yenyewe, ugonjwa uliopatikana baada ya mbwa kuondoka ni mzigo wa mnunuzi. Ndiyo maana ushauri wa "tafuta garanti" haumfai mtu wa huku: ukishavuka Mkata, sehemu kubwa ya hatari imeshatoka nje ya karatasi.

Utetezi wenye nguvu zaidi wa garanti ni mfano wa Marekani. Huko majimbo mengi yana sheria za kumlinda mnunuzi wa mbwa. Florida humpa siku 14 kwa ugonjwa na mwaka mmoja kwa kasoro za kuzaliwa nazo. New York humpa siku 14 za kazi na siku 180. Mnunuzi wa Florida anaweza kumrudisha mbwa na kupewa fedha, kubadilishiwa, au kubaki naye na kurudishiwa gharama za matibabu hadi kiasi cha bei aliyonunulia. Mfano huo unastahili heshima. Lakini uangaliwe vizuri: kinachofanya kazi Florida ni sheria ya jimbo, inayomlazimisha muuzaji kuhakikisha mbwa ana cheti cha daktari kabla ya mauzo na inayompa mnunuzi haki ya kuchagua fidia. Karatasi aliyojitungia muuzaji haina nguvu hiyo. Wanaoiga garanti za huko wameichukua karatasi wakaacha sheria na kliniki zinazoipa uhai.

Uingereza imekwenda njia nyingine, na njia hiyo inatufundisha zaidi. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, kwa sheria iliyopewa jina la mbwa jike Lucy aliyeokolewa kwenye banda la uzalishaji la Wales, wachuuzi wa kati wamekatazwa England kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Mnunuzi anatakiwa kununua kwa aliyemzalisha, na kumwona mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Nchi iliyo na madaktari wengi wa mifugo na mahakama zenye uzoefu wa kesi za wanunuzi iliona kwamba ahadi za karatasi hazitoshi, ikamwelekeza mnunuzi kwa mama wa mbwa.

Fikiria pia fidia yenyewe. Garanti nyingi haziahidi fedha. Zinaahidi mtoto mwingine. Ikiwa wa kwanza alikufa kwa parvo, virusi vyake viko kwenye sakafu, kwenye bakuli, kwenye udongo wa kivulini ambako vinaweza kukaa miezi mingi. Dawa za kawaida za kusafishia haziviui. Jiki iliyochanganywa ipasavyo inaviua kwenye saruji, lakini nani atatia jiki uwanja mzima wa udongo? Mtoto wa pili, mwenye chanjo isiyokamilika, analetwa kwenye uwanja huohuo. Muuzaji ametimiza garanti yake neno kwa neno, na mnunuzi anazika mbwa wa pili. Hili ndilo linalopaswa kumkasirisha kila anayependa wanyama: masharti yanahesabu mbwa kama vipuri, na viumbe wawili wanateseka ili hesabu ifungwe.

Halafu kuna kichaa cha mbwa, na hapa suala linavuka mipaka ya fedha. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 59,000 wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa; kwa Tanzania makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Mbwa mwenye virusi anaweza kuwa nyumbani wiki nyingi bila dalili yoyote. Hakuna garanti duniani inayoweza kumrudisha mtoto wa mtu aliyeumwa akakosa kupelekwa hospitali kwa wakati. Jeraha la kuumwa linaoshwa kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha ni hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, bila kusubiri kuona mbwa atafanya nini.

Kusafirisha mbwa bila chanjo ni hatari inayojulikana, na ushahidi wake upo nchini. Kusini mashariki mwa Tanzania, pamoja na kisiwa cha Pemba, kulikuwa na mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates, kuanzia mwaka 2010. Pemba ilifanikiwa: kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ukarudi. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionesha kwamba uliingizwa upya kutoka nje ya kisiwa, na chanjo ya nguvu ikabidi ianze tena mpaka ukaondolewa. Ikiwa bahari haikutosha kuuzuia, barabara ya lami kutoka Morogoro itauzuia kwa kitu gani zaidi ya sindano?

Nao wanyama wa porini wako jirani. Mwaka 1994 distempa iliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na chanzo kilichoelekezewa kidole ni mbwa wafugwao wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mfumo wa hifadhi za Mikumi na Nyerere ni makao ya mbwa mwitu, mnyama aliye hatarini kutoweka ambaye magonjwa hayohayo yanaweza kulifuta kundi lake lote. Mtu anayeleta mbwa asiyechanjwa katika mji uliogusana na hifadhi hafanyi biashara ya watu wawili tu.

Watetezi wana hoja moja ya mwisho: bila karatasi mnunuzi hana pa kushika. Si kweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, huingiza masharti ya ubora katika mauzo hata kama hayakuandikwa, pale muuzaji anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humruhusu aliyedanganywa kuuvunja mkataba. Ujumbe wa simu, risiti ya malipo ya mtandao na picha za tangazo vinaweza kuwa ushahidi. Kinachoweza kumnyang'anya mnunuzi kinga hiyo ni garanti yenyewe, kwa sababu sheria ya mauzo inaruhusu masharti hayo kuondolewa kwa makubaliano ya wazi. Ile sentensi ndogo chini ya karatasi isemayo kwamba muuzaji hahusiki na lolote baada ya saa 72 imewekwa kwa ajili hiyo. Mnunuzi anatia saini akidhani anapewa haki, kumbe anaisalimisha.

Basi mnunuzi wa Kilosa ashike nini? Ashike kwanza mama. Aende mwenyewe, amwone jike, apapase mbavu zake, aangalie kama kibanda kina kupe na kama watoto wengine wa uzao huo wana matumbo yaliyovimba kwa minyoo. Minyoo ya mviringo huvuka kutoka kwa jike kwenda kwa watoto kabla hawajazaliwa, kwa hiyo kibanda kisafi bila tarehe za dawa za minyoo hakitoshi. Asimpokee mtoto aliye chini ya wiki nane.

Kisha kadi ya chanjo, na kadi isomwe, isitazamwe tu. Stika ya chupa yenye namba ya toleo iwe imebandikwa, tarehe ziwepo, saini na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari viwepo. Sindano moja ya wiki sita haimfanyi mbwa awe "amechanjwa tayari", ingawa wauzaji wanapenda sana maneno hayo. Kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo, na ndiyo maana sindano za parvo na distempa hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Chanjo hizo ni za virusi hai vilivyodhoofishwa na zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Muuzaji aulizwe zilihifadhiwa wapi, na mnunuzi naye ajiulize atakayemalizia dozi huku ana jokofu la uhakika. Kwa kichaa cha mbwa, Shirika la Afya Duniani linashauri hata watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu wachanjwe kwenye kampeni, kwa hiyo kisingizio cha "bado mdogo" hakina msingi mahali penye ugonjwa.

Fedha ambazo mnunuzi alikuwa tayari kuziongeza kwa ajili ya garanti zina kazi bora. Zimlipe daktari wa mnunuzi mwenyewe, asiye na uhusiano na muuzaji, ampime mbwa kabla ya kuondoka na atoe tone la damu litazamwe kwa hadubini. Anayepita Morogoro ana bahati, kwani hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko njiani. Zinazobaki zinunue kola au dawa ya kuzuia kupe na mbung'o, na kipimo kingine cha damu baada ya mwezi mmoja wa kuishi Mikumi, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Na kuna mbwa ambaye mjadala huu humsahau: wa kienyeji, aliyezaliwa kata ya Ulaya au Rudewa hapahapa wilayani Kilosa, wa jike ambaye ameishi miaka kadhaa katikati ya kupe na mbung'o akazaa na kulea. Hana kinga ya kila kitu; kichaa cha mbwa na parvo vinamuua kama wengine, naye lazima achanjwe. Lakini kwa kazi ya kubweka usiku na kuwaamsha wenye nyumba, kazi ambayo ndiyo wengi wanayoihitaji hasa, yeye ana uthibitisho wa mazingira ambao hakuna mzalishaji wa mjini anayeweza kuuandika.

Anayemtaka Jamani shepherd bado anaweza kumpata salama. Badala ya kuomba garanti, aweke sharti la malipo: sehemu kubwa ya bei ilipwe siku ya kumchukua mbwa, na iliyobaki ilipwe siku ya 15, mbwa akiwa hai na daktari waliyekubaliana wote wawili akiwa ameandika kwamba hana dalili za parvo. Gharama za daktari huyo wagawane. Akifa ndani ya siku hizo, uchunguzi wa mzoga ufanyike kabla ya mazishi, na mbwa mwingine asiletwe kwenye uwanja huo mpaka daktari aruhusu. Makubaliano haya yanajaa ukurasa mmoja wa daftari, pande zote mbili zikiweka saini na shahidi mmoja, na mzalishaji anayejua amelea watoto wake vizuri hana sababu ya kuyakataa.